Barua kutoka Brussels: Pesa Iliyo Chini ya Godoro

Mama mdogo,

Uliniambia kwenye simu kwamba siku hizi hapo sokoni Kituku, Goma, mnafungasha ndoo za sambaza jua likiwa bado juu, na usiku hamlali kwa kuwaogopa wenye bunduki. Kisha ukasema kosa ni la maibobo, watoto wa mitaani, na wakimbizi wa kambi ya Bulengo. Hapo ndipo nilipoona nikuandikie.

Kumbuka mambo yalivyofuatana. Mapema 2024 vita viliikata barabara ya Sake, chakula cha Minova kikawa kinapita ziwani. Boti zikajazwa kupita kiasi, hadi boti ya Merdi ikazama Oktoba 3 mbele ya macho yenu. Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia mjini: askari waliokimbia wakaacha bunduki, wafungwa kwa maelfu wakatoroka gereza la Munzenze, benki zikafungwa. Hili la benki watu hulipita haraka mno. Pesa ambayo ingekaa benki imehamia chini ya godoro, na mwizi analijua hilo kama unavyolijua wewe. Sasa weka hapo kijana ambaye mshahara wake umekatika, na bunduki inayopatikana kwa bei ya chee. Bulengo yenyewe ilivunjwa Februari. Mtu aliyefukuzwa na turubai lake kichwani ataiba saa ngapi?

Usidhani huku tumepona. Mwezi huohuo wa Februari, watu walifyatua risasi za bunduki za kivita kwenye kituo cha metro cha Clemenceau, Anderlecht, wakakimbilia ndani ya njia za treni. Ni ugomvi wa wauza kokeini, nayo huingilia bandarini: Antwerp peke yake, mwaka 2023, forodha ilikamata tani 116. Nchi tajiri, bandari kubwa, na bado wapo vijana wasio na kazi wanaolipwa kusimama pembeni wakiwachungulia polisi. Wenyeji wengine hawataki kusikia habari za shule wala ajira. Wanasema ni damu ya wahamiaji. Yaani mimi. Huku wakimbizi wa Bulengo ni sisi, mama mdogo, na nimeshachoka kutazamwa mkoba ninapopita dukani.

Pesa nitaituma kwa simu, vipande vipande. Usiitoe yote siku moja. Lipa kwanza deni la wavuvi, na wakikuuliza majirani, sema mtoto wako wa Ulaya amekuwa bahili.