Kisamaki cha Mti na Migunga Iliyozama

Injini ya boti nimeiuza mwaka huu kwa kijana wa Kamere. Ataitumia kupeleka wageni kutazama viboko. Aliikagua injini mpaka skrubu ya mwisho, lakini sanduku la chambo chini ya kiti hakulitupia hata jicho, na simlaumu. Mgeni wa leo Naivasha anataka picha ya kiboko, furukombe akidaka samaki aliyerushiwa, kisha ateremshwe Crescent Island atembee karibu na twiga. Anayekuja kuvua besi kwa fimbo amekuwa adimu. Basi kabla kazi yangu haijasahaulika, nina maneno ya kusema, na mengi yanamhusu marehemu mmoja.

Utoto wangu hauna makuu. Baba alikamua ng'ombe katika shamba la mzungu kusini mwa ziwa, mama alilima mboga, mimi nikamaliza darasa la saba, karo ya sekondari ikakosekana, nikaenda ufukweni kusukuma boti za watu.

Huko nikamkuta mzee tuliyemwita Jaduong'. Alitoka Nyanza akaja kuvua kwa nyavu baada ya uvuvi wa biashara kufunguliwa mwaka 1959, baadaye akaacha nyavu akawa anawaongoza wavuvi wa starehe. Besi mwenyewe ni mgeni wa mbali kuliko yeye: alitolewa Marekani akapandwa ziwani mwaka 1929 ili walowezi wapate samaki wa kushindana naye kwenye fimbo. Mwaka 1970 wakaletwa pia kamba wekundu wa Louisiana, na besi akawashambulia kwa pupa. Ukimpasua tumbo enzi hizo ulikuta magamba mekundu matupu. Ndiyo maana wageni wengi walikuja na vyambo vya mpira vya kuburuta chini kama kamba. Jaduong' alividharau. Yeye alikuwa na visamaki vya mti wa balsa, Rapala za zamani alizoachiwa na wageni, na hakufunga hata kimoja kabla ya kukielesha kwanza kwenye ndoo.

Kisamaki hiki hakizidi urefu wa kiganja. Kina ulimi wa plastiki kidevuni; kikitulia huelea, kikivutwa huzama. Wengi hukivuta tu moja kwa moja mpaka kwenye boti, wakishangaa mbona hawapati kitu. Unashusha ncha ya fimbo karibu na maji, unaitikisa mara moja kwa kifundo cha mkono, halafu papo hapo unalegeza uzi. Kulegeza ndiko kazi yenyewe. Uzi uliolegea hukiachia kisamaki nafasi ya kugeuza kichwa na kuonyesha ubavu, kama samaki aliyejeruhiwa. Uzi uliokazwa hukinyoosha, kikaja mbele tu. Tikisa, legeza, tikisa, legeza, nyamaza. Besi hupiga wakati wa kunyamaza, na mara nyingi hutahisi pigo lolote mkononi: unaona tu uzi unakwenda upande.

Hayo yote alinifundisha yeye, na hatukupingana. Tulipingana kuhusu mahali.

Jaduong' alishikilia kwamba chambo chenye ndoana za meno matatu, moja tumboni na nyingine mkiani, hakina haki ya kuingia kwenye mafunjo wala kwenye miti. Rusha sambamba na ukuta wa mafunjo, hatua mbili nje, besi atatoka mwenyewe. "Nyathina," yaani mwanangu, alikuwa akiniambia, "mwenye njaa hapelekewi chakula kitandani." Mimi nikasema, na bado nasema, kwamba wanaotoka ukutani ni wadogo. Mkubwa hukaa ndani, kwenye shimo baina ya visiki, na hatoki kwa ajili ya kitu kinachopita mbali.

Ubishi wetu ulikuwa mkali zaidi kisamaki kilipogusa tawi. Yeye alivuta kwa nguvu kiruke. Kikinasa, akavuta zaidi. Mimi nikigusa tawi nilikuwa naacha kila kitu: fimbo chini, uzi mlegevu, mkono umetulia. Chambo kinachoelea hakihitaji kuokolewa. Kinarudi nyuma chenyewe, kinapanda, kinakaa juu ya lile tawi, na samaki aliye chini yake anakitazama kikipanda. Nilipata besi wazuri hapo hapo, juu ya tawi ambalo kama ningelivuta ningekuwa nimelitikisa lote. Kisha kwa koleo nikawa nakata jino la mbele la kila ndoana, lile linalotangulia kushika mti, nikabaki na mawili yanayotazama nyuma. Jaduong' aliona huo ni ukatili kwa chombo kizuri.

Kuna hoteli moja ya ufukweni iliyokuwa ikinikata ujira kwa kila chambo cha mgeni kilichobaki mtini. Mgeni anarusha kwa fujo, kiongozi analipa. Wala hawakuniuliza ni vingapi nilivyovirudisha kwa kulegeza tu uzi. Sitaitaja, wenyewe wakisoma watajijua.

Namtendea haki marehemu kwa jambo moja. Nilipozeeka kidogo niligundua kuwa sheria yake ya hatua mbili nje haikuwa ya samaki tu. Kiboko hula nchi kavu usiku, mchana hujilaza majini kando ya mafunjo, penye kina kifupi, na boti inayojipenyeza humo inamfungia njia. Yeye aliwahi kuona boti ikipinduliwa, hakupenda kulizungumza, akaligeuza kuwa kanuni ya uvuvi. Mimi boti sikuiingiza kamwe. Nilisimama mbali, nikaingiza kisamaki. Hilo alikataa kulitofautisha mpaka alipofariki, mwaka 2009, ziwa likiwa limerudi nyuma sana.

Kisha maji yakapanda. Kufikia 2020 yalikuwa yameingia kwenye nyumba za Kihoto, watu wakahama na magodoro vichwani, na migunga ya manjano ya ufukweni ikafia ndani ya ziwa imesimama. Sifurahii msiba wa jirani. Lakini kwa mvuvi, ile miti ilikuwa ndiyo hoja yangu yote imewekwa mbele ya macho: matawi juu ya matawi, vivuli, na hakuna ukuta wa kurushia sambamba. Ama uingize chambo ndani, ama urudi nyumbani.

Hapa nawageukia vijana, maana naona wanavyosema besi wameisha kwa sababu ya bahati mbaya. Kisamaki cha mti ni chambo cha macho. Besi lazima akione. Tangu mwaka 2001 kapi ameonekana humu, akazaana akawa ndiye anayejaza nyavu, na chakula chake hukichimbua kwenye tope, akiyavuruga maji. Mto Malewa nao unateremsha udongo wa mashamba, na mafunjo yaliyokuwa yakiushika udongo huo yamefyekwa na kukanyagwa. Mnalima mpaka majini halafu mnalalamika kwamba chambo hakifanyi kazi! Kwenye maji ya kahawia besi haoni mbali, kwa hiyo kisamaki kitikiswe kidogo zaidi, kinyamaze muda mrefu zaidi, na kipite karibu sana na gogo. Nendeni asubuhi, upepo wa mchana huyachafua yaliyobaki na kuwasukumia visiwa vya magugumaji mgongoni.

Siku hizi nimekwenda mbali zaidi ya kukata jino. Nimeondoa ndoana zote za meno matatu, nikaweka moja ya jino moja mkiani, ncha ikitazama juu, kwa sababu ya matawi na kwa sababu ya mnandi wanaodaka chambo wakidhani ni chakula. Jaduong' angesema nimeharibu uzani, na kweli kisamaki kikiondolewa ndoana za tumboni huelea juu mno, hujilaza ubavu. Dawa yake ni waya mwembamba wa risasi, mizunguko michache tumboni, mpaka kikae pua chini kidogo. Mjane wake anaishi Karagita na mwanawe ni mvuvi. Juzi huyo mwana kaniambia usoni kwamba huo si uvuvi, ni ushonaji. Nimemwambia aje na fimbo yake, na boti akodi yeye.