Kabla ya Singo, Jipapase Kwanza



Kwa mama mimi ni wa Unguja, kwa baba ni Mzigua wa Mazingara, huko Handeni. Nilipoposwa, shangazi yangu alifunga safari, basi mpaka Dar es Salaam kisha boti, ili anisinge mwenyewe. Alisema mtoto wa kaka yake hasingwi na mikono ya watu.

Siku ya tatu nikaona anatumia mkono mmoja tu. Wa kulia, kila akiuinua, anakunja uso. Nilimbana mpaka akasema: ana uvimbe kwenye titi, mwaka wa pili sasa. Ulianza kama punje ya kunde, wala hauumi.

"Kisichouma si ugonjwa, mwanangu. Na mimi nikamvulie nguo nani?"

Baada ya nikaha tulimpeleka Ocean Road, Dar es Salaam. Saratani ilikuwa imeshasambaa. Alikaa nasi mwaka mmoja na miezi, kisha akatangulia mbele ya haki. Allah amrehemu.

Siku moja tukiwa tumemkalia wodini, nilimuuliza binamu yangu anayesomea udaktari: kwa nini hakuna kipimo cha tone la damu tu, mtu asivue nguo? Akaniambia wanakitafuta, na mahali pamoja wanapotafuta ni kwenye RNA ndefu zisizotengeneza protini.

Akanifafanulia hivi. Vinasaba ni kitabu cha mapishi cha seli. Seli ikitaka kupika hunakili ukurasa, na nakala hiyo ni RNA, ambayo hutumika kutengeneza protini. Lakini zipo RNA ndefu, zenye herufi zaidi ya 200, ambazo hazipiki kitu. Zamani wengi waliziona takataka. "Zifananishe na somo wa harusi," akasema. "Hapiki wala haolewi, lakini ndiye anayesema nini kianze na nini kingoje. Somo akipotoka, shughuli nzima inaharibika."

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walieleza kuwa moja ya hizo, iitwayo HOTAIR, ikizidi kwenye uvimbe wa titi, saratani huelekea zaidi kusambaa. Nyingine, PCA3, huonekana kwenye mkojo wa mwanamume mwenye saratani ya tezi dume. Kipimo chake kiliidhinishwa Marekani mwaka 2012, kumsaidia daktari kuamua kama mgonjwa akatwe tena kinyama cha kupima. Wapo pia wanaotafuta dawa za kuzishika RNA hizi na kuzivunja, ila kazi hiyo bado iko kwenye utafiti.

"Kwa hiyo wanaume wameshapata chao," nikasema. Shangazi, tuliyedhani amelala, akacheka. "Na sisi?"

Sisi bado. Kipimo cha namna hiyo cha kugundua saratani ya titi hakijafika kliniki zetu, na uvimbe haukingojei.

Kwa hiyo, bibi harusi, kwenye orodha yako ya liwa, udi na hina, ongeza hili. Kila mwezi, siku chache baada ya hedhi, papasa matiti na makwapa yako. Ukikuta uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, hata kama hakuna maumivu. Si kila uvimbe ni saratani, lakini wa kusema ni daktari. Omba daktari mwanamke, ni haki yako. Asipokuwepo, dini yetu imeruhusu wakati wa dharura, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu.

Na wewe somo, ukimaliza kumfunza mwari mambo ya chumbani, mfunze na hili. Kisha naye akuulize wewe: mama, umejipapasa lini?

Mimi shangazi yangu sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimelala mkekani nasingwa.