STAA ANAKATWA ELFU AROBAINI KILA MWEZI, ANAONA AIBU KUULIZA BENKI!

Wadau wangu, leo za nani kaachana na nani tuziweke pembeni kidogo. Tuongelee hela inayotoka kwenye akaunti yako bila wewe kuitoa. Yamempata mtu ambaye wengi wenu mnamjua kwa sura, na kanipa ruhusa nisimulie, ila jina kapuni. Kaniambia hivi: "Andika mdogo wangu, watu wajifunze. Ila ukinitaja tusijuane."

Ni dada wa bongo movi. Kwenye picha mnamuona anashuka kwenye gari la maana, mkoba wa maana, kucha hadi huku. Gari ni la kukodi kwa ajili ya kushuti, mkoba ni wa mwenye duka anautangaza. Simsemi vibaya jamani, ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Kazi zinakuja kwa msimu, na msimu ukikata umekata. Ana binti yuko darasa la tatu shule ya kulipia, ada anailipa kwa awamu nne. Kwa hiyo elfu arobaini kwake sio hela ya soda.

Mimi namsaidia ukurasa wake, naandika maneno ya kwenye picha na kukata video. Siku moja alinitumia statimenti yake ya benki nimwangalizie kama hela ya tangazo fulani imeingia. Hela ilikuwa haijaingia. Nilichokiona ni mstari mmoja wa jina la kizungu, dola 14.99, halafu mwezi wa nyuma tena dola 14.99, na wa nyuma yake tena. Nikahesabu, mara saba! Kwa bei ya dola ya kipindi kile, ukijumlisha na makato ya benki, ni kama elfu arobaini kwa mwezi. Piga mara saba, laki mbili na themanini. Hiyo ni awamu ya ada ya mtoto, imeondoka kimya kimya.

Nikampigia. "Dada, hii nini?"

Akanyamaza kidogo. "Hiyo naijua. We achana nayo."

Kumbe alikuwa anajua! Ilikuwa programu ya mazoezi ya kupunguza tumbo, aliikuta kwenye tangazo. Siku saba bure, weka namba za kadi. Akaweka. Siku saba zikapita, ikaanza kukata. Akaifuta kwenye simu akijua yameisha, kumbe kuifuta programu kwenye simu hakuzuii malipo hata kidogo. Malipo yanakaa kwenye akaunti uliyojiungia. Kama ulijiunga kupitia Play Store au kwa Apple, unaingia kwenye sehemu ya usajili unakatisha huko. Yeye alijiunga kwenye tovuti ya wenyewe moja kwa moja, kwa hiyo hata Play Store ukitafuta huoni kitu.

Alipokatwa mara ya kwanza aliwaandikia barua pepe, Kiingereza chake cha kuunga unga, kwamba sitaki tena, msinikate. Likaja jibu la kimashine kwamba ujumbe umepokelewa. Wakaendelea kukata.

Mwezi wa tano akaenda benki, akasema kadi imepotea, akapewa mpya na akailipia. Hakusema shida yenyewe. Mwezi wa sita, paap! Dola 14.99 kwenye kadi mpya. Hapo ndipo alipoanza kuamini karogwa.

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia benki ukweli. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike leo. "Mdogo wangu, pale benki wananijua wote. Nikafungue mdomo kwamba nalia na elfu arobaini? Jioni ipo mjini nzima kwamba nimefulia."

Jamani. Mtu yuko radhi aibiwe kila mwezi ili aonekane anazo.

Nilitaka nimpigie mimi benki, ila haiwezekani, wanataka mwenye akaunti mwenyewe. Tukaenda wote, asubuhi kabla foleni haijajaa, yeye na miwani yake myeusi na mtandio. Kaka wa huduma kwa wateja alimtambua palepale, akaomba na selfii. Nikaona dada yangu anaanza kutabasamu la kwenye kamera, nikajua hapa tutatoka na selfii bila fomu. Nikasema mimi: "Kaka, kuna kampuni inamkata na alishawakataza." Yule kaka wala hakushangaa. Akavuta droo akatoa fomu. Akasema, "Dada, fomu hizi wanajaza hadi wenye maghorofa. Ungekuja mapema."

Alichotueleza nakiandika kama nilivyokielewa, mimi niliishia form four lakini nilimuuliza mpaka akachoka.

Kwanza, kubadilisha kadi peke yake sio dawa. Visa na Mastercard wana mfumo ambao benki zilizojiunga zinapeleka taarifa za kadi mpya kwa wafanyabiashara ambao ulishawaruhusu kukukata. Umewekwa kwa nia nzuri, ili malipo yako ya kila mwezi yasikwame kadi ikiisha muda. Ila yule usiyemtaka naye anapata. Kwa hiyo sema wazi: "Naomba mzuie malipo ya kampuni hii, kwa jina hili linavyoonekana kwenye statimenti."

Pili, kuzuia ya mbele na kudai ya nyuma ni vitu viwili tofauti. Ya nyuma unajaza fomu ya kupinga muamala. Benki yako inapeleka dai kwa benki ya mfanyabiashara kupitia mtandao wa kadi, na yule mfanyabiashara anapewa nafasi ya kujitetea. Ndiyo maana ushahidi ni muhimu. Hapo ile barua pepe ya Kiingereza cha kuunga unga ikageuka almasi! Ilikuwa bado ipo kwenye zilizotumwa, na tarehe yake. Ilionyesha alikataza kabla ya kukatwa mara ya pili.

Tatu, na hii ndiyo iliyotuuma, kuna muda. Kwa madai ya aina hii kwa kawaida ni siku 120 tangu muamala ulipofanyika. Tukahesabu pale mezani. Makato manne ya mwisho yalikuwa ndani ya muda. Matatu ya mwanzo, kwaheri. La kwanza hata hivyo lilikuwa kabla hajawakataza. Lakini la pili na la tatu angeweza kuyadai kama angefungua mdomo mapema. Elfu themanini imeliwa na aibu tu.

Na kumbuka, wengi wetu kadi zetu sio za mkopo. Mwenye kadi ya mkopo anabishania deni ambalo bado hajalilipa. Kule Marekani wana hadi sheria ya mwaka 1974 inayompa siku 60 za kupinga kwa maandishi tangu atumiwe ankara. Sisi kadi inavuta hela yetu wenyewe, ikishatoka imetoka, na unasubiri ukiwa huna.

Tulisubiri mwezi na wiki kadhaa. Makato manne yakarudi yote. Na kampuni ikazuiwa, mwezi wa nane hakukatwa. Benki ikikuzungusha, andika malalamiko kwa maandishi, baki na nakala, na wasipokujibu vya kuridhisha peleka Benki Kuu, wanapokea malalamiko ya wateja ukishaanzia benki kwako.

Kwa wanaojaribu vitu vya bure mtandaoni, tumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, weka hela ya jambo hilo tu. Na siku hiyohiyo ya kujiunga weka alamu ya kukatisha kabla muda haujaisha. Ukikatisha, piga picha skrini na uitunze.

Hela ilivyorudi dada yangu hakupiga picha nayo. Aliilipa shule moja kwa moja, akanitumia risiti, chini kaandika, "Mwache aseme nimefulia, mtoto yuko darasani."

Sasa na wewe, fungua statimenti yako ya miezi mitatu leo, pitia mstari kwa mstari. Kuna jina usilolijua? Tiririka hapo chini, ila namba za kadi usiweke!