Maua ya Kiangazi Katika Nchi ya Nuu

Huko Ulaya, mwezi wa Agosti na wa Septemba ni mwisho wa majira ya joto, na watu huenda katika bustani za umma kuyatazama maua kabla baridi haijayaua. Kwetu Kenya mambo ni kinyume, kwani miti mingi huanza kuchanua wakati huo. Mkaaji wa Nairobi alijua jambo hili kwa mijakaranda, ambayo tangu Septemba huzifunika njia kwa rangi ya zambarau. Tena anazo bustani za kupumzikia, kama ile ya Jeevanjee ya mwaka 1906 na ile ya miti iitwayo Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907. Lakini mjakaranda ni mgeni, asili yake Amerika ya Kusini. Atakaye kuyaona maua ya wenyeji na asafiri mpaka Nuu.

Nuu iko katika Kaunti ya Kitui, mashariki ya mji wa Mwingi. Mlima wake waonekana toka mbali, nao ni kama bustani ya umma isiyo na ukuta wala lango. Mwezi wa Septemba mvua ya masika imekwisha zamani, majani ya kulisha ng'ombe yamekauka, na mpita njia mwenye haraka atasema kwamba nchi imekufa.

Na ausogelee mti wa kikwata, ambao Wakamba huuita muthiia. Hauna jani hata moja, na miiba yake imepindika kama ndoana, miwili miwili. Lakini matawi yamevikwa maua meupe, na nyuki wavuma humo tangu asubuhi. Jina lake la Kilatini, mellifera, maana yake ni mleta asali. Penye mawe huonekana kichaka kifupi chenye shina nene lililovimba na maua ya waridi. Watoto wasikichezee, maana utomvu wake ni sumu. Mukau nao hutoa maua madogo yenye harufu nzuri. Mvua ya vuli ikikaribia, mbuyu hufungua maua yake makubwa jioni, popo huyazuru usiku, na kesho yake yamekwisha kunyauka.

Je, miti hii hupata wapi nguvu ya kuchanua bila mvua? Hutumia akiba iliyowekwa katika shina na mizizi tangu mvua iliyopita. Majani hupoteza maji mengi, kwa hiyo mti huyaangusha. Na maua yakiwa peke yake juu ya matawi matupu, nyuki huyaona upesi.

Hapo ndipo faida ya mkulima ilipo. Tangu zamani Wakamba hutundika mizinga ya magogo mitini, na asali ya nchi ya Mwingi ina sifa njema mpaka mijini. Maua ya kiangazi huwapa nyuki chakula wakati mashamba hayana kitu. Lakini kiangazi ndicho pia wakati ghala linapokuwa tupu na karo ya shule inapodaiwa. Basi mtu hushika shoka na kuufanya muthiia kuwa makaa. Tusimdharau, kwani njaa haina subira. Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa, lakini amri peke yake haijazi chungu.

Yafaa kila mwenye shamba afanye hesabu yake mwenyewe. Gunia la makaa huuzwa mara moja, na mti umekwisha. Mti uliosimama huchanua tena mwaka ujao, na mwaka wa baada yake. Atakaye kuni na apogoe matawi, aliache shina. Atakaye mbao na apande mukau mpakani mwa shamba. Hauliwi na mchwa kwa urahisi, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina kituo huko Kitui ambacho kimeshughulika sana na mti huu. Na mwenye mizinga aitundike karibu na vikwata kabla maua hayajafunguka.

Wazee wetu walisema, fuata nyuki ule asali. Katika nchi ya Nuu, mwezi wa Septemba, nyuki huelekea kwenye mti wenye miiba.