Dakika Kumi za Mwanafunzi

Zawadi tunazozijua ni nyingi. Mkulima bora hupewa jembe au baiskeli siku ya maonyesho. Timu inayoshinda hupewa kombe, na mara nyingine mbuzi. Leo nataka kukueleza habari za zawadi ya namna nyingine. Hii hupewa mwanafunzi aliyesimama mbele ya wakubwa wake akaeleza vizuri jambo analolijua.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nina cheti, sina digrii. Fizikia niliisoma kidogo tu nilipokuwa sekondari. Fizikia ni elimu ya vitu na nguvu: kwa nini jiwe huanguka, maji huchemkaje, nuru husafirije. Lakini tangu nilipozisikia habari za zawadi hii, nazisimulia katika kila darasa ninalolitembelea. Nina sababu zangu, nawe utaziona.

Wanafunzi ninaowasema si watoto. Ni watu wazima kama wewe. Wamekwisha kupata digrii ya kwanza, na sasa wanatafuta digrii za juu. Kazi yao ni utafiti. Mtu huchukua swali ambalo halijapata jibu, akalishughulikia kwa miaka kadhaa. Kisha huenda kwenye mkutano wa wataalamu kueleza alichokiona.

Huko Marekani kuna chama cha wanafizikia kilichoanzishwa mwaka 1899. Kwenye mikutano yake mikubwa hukusanyika watu zaidi ya 10,000. Kwa kawaida mtoa mada hupewa dakika 10 za kusema na dakika 2 za kuulizwa maswali. Basi. Hebu fikiri: kazi ya miaka, dakika 10! Mwanafunzi hana budi kuchagua aseme nini, aache nini, na aanzie wapi ili msikilizaji asipotee njiani. Na pengine mbele yake ameketi mtu aliyeandika kitabu alichosomea.

Wako wanafizikia wanaochunguza nguvu ya uvutano. Hiyo ndiyo nguvu inayofanya embe lianguke chini na mwezi uizunguke dunia. Wataalamu hao wana mikutano yao midogo ya kanda huko Marekani. Mwanafunzi anayetoa mada bora hupewa tuzo iitwayo Blue Apple, maana yake Tufaha la Buluu. Uko pia mkutano wao wa dunia nzima, unaofanyika kila baada ya miaka mitatu. Huko hutolewa Tuzo ya Hartle kwa wanafunzi waliotoa mada bora. Jina hilo ni la James Hartle, mtaalamu wa Marekani aliyefariki mwaka 2023. Mwaka 1983 yeye na Stephen Hawking waliandika pamoja juu ya mwanzo wa ulimwengu.

Utauliza, kwa nini wataalamu wakubwa washughulike na zawadi za wanafunzi? Nakupa kisa cha kweli.

Mwaka 1967 Jocelyn Bell, binti wa Ireland ya Kaskazini, alikuwa mwanafunzi wa utafiti huko Cambridge, Uingereza. Yeye na wenzake walijenga chombo cha kupokea mawimbi ya redio kutoka angani. Walisimika nguzo zaidi ya 1,000 na kuzifunga nyaya. Chombo hicho kilichora mistari juu ya karatasi ndefu, kiasi cha mita 30 kila siku. Bell ndiye aliyeisoma karatasi hiyo, siku hata siku. Akaona alama ndogo asiyoielewa. Hakuipuuza. Aliifuatilia mpaka ikajulikana kuwa kuna nyota za ajabu zinazotoa mapigo ya redio kwa mpango, kama moyo unavyopiga. Nyota hizo sasa huitwa pulsa.

Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel ya fizikia ilitolewa, na ugunduzi huo ulitajwa. Walioipokea ni Antony Hewish, aliyekuwa mwalimu wake, pamoja na mtaalamu mwingine, Martin Ryle. Mwanafunzi hakuwamo. Mwaka 2018 Bell alipewa tuzo nyingine, ya dola milioni 3 za Marekani. Hakujiwekea fedha hizo. Alizitoa zote zisaidie wanafunzi wa utafiti wa fizikia kutoka makundi yenye watu wachache katika elimu hiyo, wakiwamo wanawake na wakimbizi.

Na hapa kwetu Tanzania tuna kisa chetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari huko Magamba. Siku moja walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Yeye aliogopa kukosa nafasi ndani ya friji, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lilelile mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 habari hiyo ilichapishwa ikiwa na majina ya wote wawili.

Hadi leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo. Mwaka 2012 chama cha kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kulieleza. Waliingia watu zaidi ya 22,000. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Kroatia. Na aliyetangaza jina lake alikuwa Mpemba mwenyewe, yule aliyechekwa.

Sasa turudi darasani kwetu. Katika darasa moja nililolisimamia alikuwamo mama wa makamo, mpole sana. Alipojua kuandika alianza kuweka daftari la shamba lake. Aliandika siku ya kupanda na idadi ya madebe aliyovuna. Mwaka mmoja kijiji kilitaka kungoja trekta la kukodi, hata kama mvua za kwanza zingepita. Yule mama aliguna. Mwalimu akamwuliza, "Mama, una neno?" Akajibu, "Mimi ni mwanafunzi tu, mwalimu. Niseme nini mbele ya wazee?"

Tulimwomba ajaribu kwanza darasani, kwa dakika 10. Kisha akaenda mkutanoni na daftari lake. Alisema kwamba nusu ya shamba aliyoipanda na mvua za kwanza ilimpa debe 16, na nusu aliyochelewa kuipanda ilimpa debe 9. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, pengine mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya." Mama akajibu, "Shikamoo mzee. Ni mwaka uleule, shamba lilelile, mbegu ileile. Nilichobadili ni siku ya kupanda tu."

Mkutano ulinyamaza. Baadhi ya watu walikwenda kupanda kwa jembe la mkono. Wengine walingoja trekta, na hiyo ni haki yao. Lakini wote walikuwa wamesikia, na kila mmoja aliamua akijua. Darasa lilimpa mama yule zawadi ya daftari jipya na kalamu.

Ndugu msomaji, wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari lisilosomwa mbele ya watu humfaa mwenye nalo peke yake. Kujua kusoma na kuandika ni hatua kubwa. Hatua inayofuata ni kusimama na kusema. Chagua jambo moja ulilolichunguza mwenyewe. Lieleze kwa ufupi, kisha sikiliza maswali bila hasira. Na wewe uliye mwenyekiti, mwalimu au mzee, mpe mwanafunzi dakika zake, wala usimcheke. Huenda ameona alama ndogo ambayo sisi wengine tumeipita.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini jibu la mama kwa yule mzee lilikuwa na nguvu?
2. Osborne alifanya nini ambacho wengine hawakufanya?
3. Ukipewa dakika 10 mbele ya kijiji chako, utaeleza jambo gani?