Injini Inapozimwa kwa Makusudi

Siku nilipomuaga mama yangu pale gatini Nansio, nikiwa kijana ninayekwenda nchi ya mbali kujifunza kurusha helikopta, alinishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, mtumbwi ukizimikiwa injini, watu hukaa juu ya maji wakangoja wenzao. Wewe ukizimikiwa huko angani, utakaa juu ya nini?" Sikuwa na jibu. Nilicheka, kama vijana wanavyocheka wakikosa la kusema, nikapanda meli ya Mwanza.

Jibu nililipata miezi michache baadaye, ndani ya helikopta kuukuu ya aina ya Bell 47. Huenda umepata kuiona pichani: ina kichwa cha kioo kilichoviringana kama povu la sabuni, na mkia wa vyuma vitupu kama mnara uliolazwa. Hiyo ndiyo helikopta ya kwanza kupewa hati ya kutumiwa na raia nchini Marekani, mwezi Machi 1946, na marubani wengi duniani walijifunzia katika jamaa yake.

Asubuhi ile tulikuwa juu kiasi cha mita 300. Mwalimu wangu, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, aliniambia, "Sasa injini imekufa," kisha akazungusha kile kishikio kinachofanana na cha pikipiki. Ngurumo ikakatika. Kwa kweli injini haikuzimwa kabisa. Iliachwa ipumue polepole tu, isiweze tena kuyasukuma mapanga. Lakini tumbo langu halikuijua tofauti hiyo.

Yafaa nikueleze linalotokea hapo, maana wengi hudhani helikopta ikikosa injini huanguka kama jiwe. Fikiri baiskeli. Ukiacha kupiga pedali kwenye mteremko, gurudumu la nyuma halisimami. Laendelea kuzunguka kwa nguvu ya mteremko. Mapanga ya helikopta nayo yamefungwa hivyo: injini ikilegea, yanajitenga nayo. Kisha helikopta inaposhuka, hewa inayopanda kutoka chini huyazungusha, kama upepo unavyozungusha kititia cha mtoto. Rubani huukaribia uso wa nchi akiwa na akiba ya nguvu katika mapanga yale. Akikaribia, huinua pua ili apunguze mwendo, na mwishoni kabisa huitumia akiba ile kujituliza chini. Mhispania Juan de la Cierva alikwisha kurusha chombo chenye mapanga yanayozungushwa na hewa tangu mwaka 1923, kabla helikopta hazijawa chombo cha kutegemewa.

Lakini kuna sharti moja. Mara injini inapokufa, rubani hana budi kuushusha wenzo ulio mkono wake wa kushoto, ule ambao siku zote huuinua ili apande. Asipoushusha upesi, mapanga hupoteza mzunguko, na mzunguko ukishapotea sana haurudi tena. Bell 47 ina mapanga mazito yanayokusamehe kidogo. Robinson R22, iliyopata hati yake mwaka 1979 na kuwa helikopta ya kujifunzia kila mahali, ina mapanga mepesi. Hapo muda wa kusitasita ni kama sekunde moja.

Mimi nilifanya nini? Niliuvuta wenzo juu. Niliiona ardhi ikija, na mwili mzima ukataka kupanda. Mkono wa mwalimu uliushindilia wenzo chini kabla sijatambua kosa langu. Tulitua salama kwenye majani, tukateleza kidogo, tukasimama. Aliniambia, "Ulikuwa unajua la kufanya. Jana umenieleza vizuri ubaoni. Mkono wako ndio haujui." Kisha tukapaa tena. Siku ile tulirudia mara tisa.

Ndugu msomaji, sasa nimestaafu, na helikopta hizo nimeziacha. Ninayoyasema yanahusu mtumbwi wa mdogo wangu.

Mdogo wangu ni nahodha hapa Nansio. Huchukua abiria, machungwa na mihogo kwenda visiwa vidogo. Nilipokwenda likizo nilimwomba siku moja, asubuhi ziwa lilipotulia, atupeleke mbali kidogo na ufuko, kisha azime injini.

"Kaka, injini hii haijanisumbua hata siku moja," alisema.

"Ndiyo sababu nataka tuizime leo."

Alikubali kwa kuniheshimu tu, maana mbele ya mabaharia wenzake aliona aibu. Tulikuwa yeye, mkewe, watoto wao wawili, kijana mmoja wa kazi, na mimi. Injini ilipozimwa, watoto walicheka. Kisha mtumbwi ukaanza kugeuka wenyewe, ukaupa ubavu upepo mdogo uliokuwapo, na vicheko vikaisha.

Kasia moja lilikuwa chini ya magunia. La pili lilikuwa limebaki nyumbani. Kamba ya nanga haikufika chini. Jaketi za kuokolea zilikuwamo, lakini zimefungwa fundo moja chini ya ubao, na shemeji alihangaika nalo hadi kucha ikavunjika. Mtoto mdogo alivaa yake kinyume. Nami nikiri kosa langu: tulipaswa kuzivaa kabla ya kuondoka ufukoni. Mimi niliyefundishwa haya yote nilipanda mtumbwi ule bila kuuliza.

Mdogo wangu hakusema neno. Aliwasha injini, akaturudisha, akaenda nyumbani, akarudi na kasia na kamba ndefu. Tukatoka tena, jaketi zikiwa mwilini. Safari hii alifunga ndoo kwa kamba, akaitupa mbele, ikauvuta mtumbwi uelekeze pua kwenye mawimbi. Mwanawe wa kwanza akashika kasia.

Sote tunaoishi kando ya ziwa hili twakumbuka MV Bukoba, Mei 21, 1996, na MV Nyerere, Septemba 20, 2018, iliyopinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara. Sisemi kwamba mazoezi ya ndoo na kasia yangaliwaokoa ndugu zetu wale. Nasema tu kwamba ziwa halimpi mtu nafasi ya kwenda kujifunza kwanza.

Kwa hiyo, wewe unayesafiri kwa mitumbwi, muulize nahodha kasia liko wapi kabla hajawasha injini, wala usione haya. Nawe unayekaa mjini, waamshe watoto usiku mmoja, zima taa, uone kama wataupata mlango na ufunguo wake. Watakaposhindwa, usiwagombeze. Rudieni.

Jioni ile nilimsimulia mama yote. Sasa ni mzee sana, lakini swali lake hakulisahau. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Na wewe," alimwuliza, "utaizima tena lini?"