Duka Liliibiwa na Mlango Umefungwa

Jioni moja ya Jumamosi, katika msimu wa korosho, simu yangu ililia nikiwa bado mezani ofisini, Dar es Salaam. Aliyepiga alikuwa Mama Mkubwa, dada wa mama yangu mzazi, mwenye duka dogo katika mtaa wa Chikongola, mjini Mtwara. Siku zote mama huyu huanza kwa kuuliza habari za watoto, kisha za jirani, kisha za mvua. Siku hiyo hakuuliza habari ya mtu. Alisema tu, "Mwanangu, duka limeibiwa, na mlango umefungwa."

Ndugu msomaji, ninaandika kisa hiki kwa idhini yake mwenyewe. Alisema kwamba kama aibu yake yaweza kuwafaa watu wengine, basi na iandikwe. Lakini nilipoanza kukiandika niliona kwamba aibu iliyo kubwa zaidi humu si yake, bali ni yangu.

Duka hilo ni la siku nyingi. Huuza sukari, sabuni, chumvi, unga, nyuzi na ndoano za wavuvi. Wateja wake ni watu wa mtaani, wavukaji wanaokuja kwa mashua kutoka Msanga Mkuu, wauza samaki wa Msimbati, na wasafiri wanaoelekea Kilambo, penye kivuko cha Mto Ruvuma cha kwendea Msumbiji. Huduma za fedha kwa njia ya simu zilipoanza hapa nchini mwaka 2008, Mama Mkubwa alizitazama kwa mbali kama watu wazima wengi. Baadaye aliona wateja wakimpita kwenda kwa jirani mwenye kibanda cha uwakala, na huko huko wakanunua na sukari. Ndipo aliponiita.

Nami nilikwenda kwa fahari ya kijana aliyesoma. Nilimnunulia simu, nikamsaidia kupata laini ya uwakala, na nikamwekea namba ya siri. Ili asiisahau, nilichagua mwaka wake wa kuzaliwa, 1956. Orodha ya huduma ilikuja kwa Kiingereza, nami nikaiacha vivyo hivyo, kwani kwangu haikuwa taabu. Nilimfundisha kwa kuhesabu vidole: "Mama, bonyeza moja, kisha mbili, andika namba ya mteja, andika kiasi, malizia na namba ya siri." Alikariri kama anavyokariri mtoto. Nilirudi Dar es Salaam nikiamini kwamba nimemsaidia.

Simu ya Jumamosi ile ilinieleza kwamba shilingi 847,500 zilikuwa zimetoweka kwenye floti yake siku ya Alhamisi. Katika fedha hizo, shilingi 300,000 zilikuwa akiba ya kikundi cha akina mama wa mtaa, naye ndiye mweka hazina wao. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kukaa na kuamua. Aliyekuwa akimsaidia dukani ni kijana wa miaka 18, mtoto wa binamu yangu wa Msimbati, naye aliijua namba ya siri. Hapakuwa na haja ya shahidi. Kijana alifungasha nguo zake usiku ule ule wa Alhamisi, na alfajiri akarudishwa kwao.

Nilisafiri zaidi ya kilomita 550 kwa basi, nikafika Jumapili usiku. Asubuhi yake nilimwomba Mama Mkubwa vitu viwili: simu na daftari. Daftari lake ni zuri kuliko ya wasomi wengi. Taifa letu liliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka michache baadaye yeye aliingia darasa la kisomo pamoja na mama yake. Hati yake aliyoipata huko haijapotoka mpaka leo. Kila muamala ulikuwa na saa yake. Wa mwisho siku ya Alhamisi ulikuwa wa saa nane na robo mchana.

Tulikwenda kuomba taarifa ya miamala ya laini ile. Ilionyesha kwamba fedha zote zilikwenda kwa mkupuo mmoja, saa nane na dakika 34 mchana, kwenye namba tusiyoijua. Tuliporudi nilipekua kasha la risiti za duka. Ndani yake nilikuta risiti ya mashine ya EFD kutoka duka la jumla: mifuko miwili ya sukari na katoni ya sabuni, Alhamisi hiyo hiyo, saa nane na dakika 31. Aliyetumwa kununua bidhaa hizo ni kijana. Kutoka duka lile hadi Chikongola ni mwendo wa robo saa kwa baiskeli yenye mzigo. Simu ya uwakala ilikuwa mkononi mwa Mama Mkubwa.

Kisha nikafungua kumbukumbu za simu zilizopigwa. Saa nane na dakika 22 ilikuwako simu kutoka namba ngeni, nayo ilidumu dakika 13. Nilimwonyesha. Alinyamaza kwa muda mrefu, akajifunika uso kwa upande wa khanga, akasema, "Mwanangu, mtu yule aliniita mama."

Mtu yule alijitambulisha kuwa anatoka makao makuu. Alisema laini ya uwakala ingefungwa siku ile ile kama haikuhakikiwa, na wateja wangeanza kumdai. Sauti yake ilikuwa ya adabu. Alimwambia kwanza atazame salio na alitaje, ili "walinganishe na vitabu vyao." Kisha akamwongoza: bonyeza moja, kisha mbili. Andika namba ya uhakiki. Nayo ilikuwa namba ya simu ya tapeli mwenyewe. Andika namba ya faili lako, 847500. Nayo ilikuwa kiasi cha fedha. Malizia na namba yako ya siri, lakini usiitaje, hiyo ni siri yako. Kwa neno hili la mwisho alimwamini kabisa.

Msomaji atauliza, mbona hakuona kwamba anatuma fedha? Hakuona kwa sababu maneno yaliyoandikwa kwenye simu yalikuwa kwa lugha asiyoijua. Mwanamke huyu husoma Kiswahili bila miwani, lakini mimi nilimfanya kipofu katika biashara yake mwenyewe. Nilimfundisha kutii sauti inayosema "bonyeza moja, kisha mbili," na siku sauti nyingine ilipokuja na maneno yale yale, aliitii. Na kwa kuwa namba ya siri ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa, ambao nyumba nzima inaujua, lawama ilipata pa kutua kwa urahisi: juu ya mtoto wa watu.

Fedha hazikurudi. Tulitoa taarifa kwa kampuni na kwa polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo na wizi wa namna hii ni jinai. Lakini siku nne zilikuwa zimepita. Katika wizi wa simu dakika ya kwanza ina thamani kuliko siku ya pili, maana fedha zikiwahi kutolewa kwa wakala mwingine hakuna tena cha kuzuia. Kilichotuchelewesha ni aibu. Mama Mkubwa aliogopa kucheka kwa watu, nasi wengine tulikuwa na haraka ya kumpata mwizi aliye karibu.

Jumatano tulikwenda Msimbati, kwa njia ya Madimba. Mama Mkubwa alikataa nimsemee. Mbele ya wazazi wa kijana, chini ya mnazi, mwanamke wa umri wake alimwomba radhi mtoto. Kijana aliinama, akasema, "Bibi, fedha hazikuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba hukuniuliza." Hakuna aliyepata neno la kuongeza. Alirudi dukani baada ya wiki mbili, na mimi ndiye niliyefungua simu upya, safari hii pamoja nao wote wawili.

Nitaeleza tuliyoyafanya, kwani hayahitaji shahada wala gharama. Kwanza, lugha ya huduma ilibadilishwa kuwa Kiswahili, na Mama Mkubwa alisoma kila mstari kwa sauti kabla ya kubonyeza: unatuma kiasi gani, kwa nani. Pili, alichagua mwenyewe namba mpya ya siri, isiyo mwaka wa kuzaliwa wala tarehe ya harusi, nami sikuambiwa. Kijana naye hakuambiwa, na alishukuru. Kumficha namba si kumdharau; ni kumkinga, ili siku fedha zikipungua asiwe mshitakiwa wa kwanza. Tatu, simu ya uwakala haitoki dukani, haichezewi na watoto, na hufungwa kwa neno la siri kila inapowekwa chini.

Nne, salio hutazamwa kwenye huduma yenyewe, si kwenye ujumbe ulioletwa na mtu. Wako matapeli wanaotunga ujumbe wa "umepokea" kutoka namba ya kawaida, kisha hupiga wakilia kwamba wamekosea, warudishiwe. Tano, anayepiga na kudai kuwa ni kampuni husikilizwa tu kama namba yake ni 100. Wengine wote hukatiwa, hata wakiita mama. Ujumbe wa kitapeli, kama ule maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii," hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia namba 15040. Na kwa kubonyeza *106# mtu huweza kuona kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua.

Sita, daftari limebaki. Wako vijana wanaocheka daftari la karatasi. Nawakumbusha mwezi Mei 2024, ambapo sisi watu wa Kusini tulifundishwa mara mbili. Mwanzoni mwa mwezi huo, mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu huko Somanga, wilayani Kilwa. Kisha tarehe 12 nyaya za EASSy na SEACOM zipitazo chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika nchini. Mwenye kumbukumbu zote ndani ya simu alikaa akiitazama. Mama Mkubwa alifungua ukurasa, akajua nani anadaiwa sukari kilo mbili. Na ni daftari hilo, pamoja na risiti ya mashine, vilivyomtoa kijana kwenye lawama. Kila jioni sasa hulinganisha daftari na salio, na kijana huweka sahihi chini ya ukurasa.

Fedha za kikundi amezilipa kidogo kidogo mpaka zikaisha. Akina mama wenzake walipoelezwa ukweli, wawili kati yao walikiri kwamba nao walipigiwa simu ya namna hiyo na wakaibiwa, wala hawakumwambia mtu. Fikiri, msomaji: kama mmoja wao angesema mapema, yule wa Chikongola angeisikia sauti ile akaitambua.

Wako wengi wetu mijini tunaowanunulia wazazi simu, tukawawekea kila kitu, tukaondoka. Tunaita kusaidia. Lakini kumfanyia mtu kazi asiyoielewa ni kumwachia mlango ambao hajui kuufunga. Miaka ya sabini walimu wa kisomo hawakuwasomea wazee barua zao tu. Waliwapa kalamu mkononi, wakavumilia mikono iliyotetemeka. Deni hilo ni letu sasa. Mwisho wa mwaka ukienda nyumbani na zawadi zako, tenga jioni moja. Keti na mama yako, mpe simu yake mkononi, uliza inasemaje, na umwache asome mwenyewe mpaka mwisho.